Kabati la oveni litengenezwe kwa mbao gani?

Msomaji wa Buswelu, wilayani Ilemela, Mwanza, ameuliza hivi: "Ninaoka keki na mikate ya kuuza karibu kila siku, na sasa nimenunua oveni ya umeme ya kupachika ndani ya kabati. Fundi wangu anataka kabati lote liwe la MDF (bodi ya unga wa mbao) yenye karatasi ya plastiki inayong'aa, kwa sababu ndiyo wateja wake wote wanayoipenda. Baba mkwe wangu anasema nisikubali kitu kingine zaidi ya mninga. Jirani naye anasema nipigilie bati kwa ndani, halafu nitumie mbao yoyote. Nimsikilize nani, ili kabati lisiungue wala lisiharibike mapema?"

Dada yangu, umefanya vema kuuliza kabla fundi hajakata ubao wa kwanza, kwa sababu makosa mengi ya kabati la oveni hayarekebishiki baada ya oveni kuingia mahali pake. Nitaanza na jambo ambalo washauri wako wote watatu wamelipita. Hakuna mbao isiyoungua. Mninga, mvule, msaji na paina zote hushika moto zinapofikia joto la takribani nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi na mwali ukiwa karibu. Tofauti kati ya mti na mti ipo, lakini ni ndogo mno kuwa msingi wa usalama wa jiko lako. Kinachopaswa kukushughulisha zaidi ni joto la chini kuliko hilo, linalokaa juu ya ubao saa nyingi kila siku kwa miaka. Joto hilo hukausha ubao, huugeuza rangi kuwa ya kahawia na huvunja taratibu viini vinavyoujenga, mpaka ubao uwe tayari kushika moto kwa joto dogo kuliko lile lililohitajika ulipokuwa mpya. Kwa sababu hiyo, kiwango kinachotajwa sana katika miongozo ya usalama wa moto ni kwamba ubao usiachwe kwa muda mrefu kwenye joto linalozidi nyuzi 77.

Oveni ya kupachika imetengenezwa ikizingatia jambo hilo. Ndani ina nyuzi 200 au zaidi, lakini kati ya chumba cha kuokea na bati la nje kuna tabaka nene la sufi ya kuzuia joto, na aina nyingi za siku hizi zina feni ndogo inayovuta hewa baridi na kuitoa kwa mbele, juu ya mlango. Oveni ikiwa nzima na hewa ikipita inavyotakiwa, ubao ulio pembeni hupata joto la wastani tu. Hata hivyo, vitabu vingi vya watengenezaji vinataka ubao, gundi na ngozi ya juu ya kabati linaloipokea oveni viweze kustahimili joto la nyuzi 90 hivi. Angalia kwamba gundi na ngozi vimetajwa pamoja na ubao. Katika makabati yaliyoharibiwa na oveni, mara nyingi ubao wenyewe ndio wa mwisho kushindwa. Gundi hulegea kwanza, karatasi ya juu hubanduka, na hewa iliyokosa njia ndiyo iliyosababisha yote mawili. Mshauri wa kumsikiliza, kwa hiyo, ni yule atakayekuuliza gundi ipi, ngozi ipi, na hewa itapitia wapi.

Tuanze na pendekezo la fundi. Karatasi ya plastiki inayong'aa ambayo hubandikwa juu ya MDF kwa joto na mgandamizo inapendeza kwa sababu haina viungio na inafutika kirahisi, lakini kwa kuwa ilibandikwa kwa joto, joto hilohilo linaweza kuibandua. Ikifikia nyuzi 70 hivi huanza kulegea, na dalili ya kwanza utaiona kwenye kingo zilizo karibu na mlango wa oveni, pale mvuke unapokupiga usoni unapofungua kutazama keki. Ukingo unainuka kidogo, unyevu unaingia chini yake, na MDF iliyofichwa humo inaanza kuvimba. Anayeoka keki moja kwa mwezi anaweza kukaa miaka asilione tatizo hilo. Wewe unayewasha oveni kila siku, tena unafungua mlango kila trei inapobadilishwa, huna nafasi hiyo.

MDF yenyewe ni unga wa mbao uliogandamizwa kwa gundi, na kwa kawaida gundi hiyo hutokana na yurea na fomaldehidi. Gundi ya aina hii haipendi joto na unyevu vikija pamoja. Huvunjika polepole na kuachia gesi ya fomaldehidi, ambayo huwasha macho na koo, na ambayo Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 2004 katika kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Sisemi hivyo ili uogope kila kabati la MDF mjini. Kabati la vyombo lililo upande wa pili wa jiko linaweza kuwa la MDF bila shida, hasa ukichagua bodi yenye alama ya E1, ambayo maana yake ni kwamba kiwango cha gesi hiyo kimedhibitiwa. Lakini boksi linaloikumbatia oveni, pamoja na mlango au droo iliyo juu yake na ile iliyo chini yake, usiitengeneze kwa MDF wala chipubodi. Zaidi ya hayo, oveni huwa na uzito wa kilo 30 hadi 40, na rafu ya chipubodi iliyolegezwa na mvuke si mahali pa kuweka mzigo huo.

Baba mkwe wako ana hoja nzuri, ingawa sababu yake huenda si ile anayoidhani. Ubora wa mninga hapa hautokani na kukataa moto. Mninga hausinyai wala kuvimba sana unyevu unapobadilika, na kando ya oveni unyevu hubadilika kila siku: upande mmoja ubao unakaushwa na joto, na usiku unarudi kwenye hewa yetu ya kando ya ziwa. Mti unaohangaika sana katika mabadiliko hayo, kama mkaratusi, utapinda na kupasuka hata ukiwa mgumu kiasi gani. Msaji nao umetulia, ila una mafuta ya asili yanayozuia gundi kushika, hivyo fundi anapaswa kufuta sehemu za kuungia kwa thina muda mfupi kabla ya kupaka gundi. Mvule unafaa, lakini vumbi lake huwasha pua na kifua, kwa hiyo fundi avae barakoa anapopiga randa na msasa. Paina, ambayo kwetu ni rahisi kuipata kwa kuwa kuna mashamba ya miti Buhindi na Rubya, inafaa kwa fremu za ndani zilizo mbali na joto. Karibu na oveni, vifundo vyake hutoa utomvu unaotoboa hata rangi, na nguo ya mpishi ndiyo huwa ya kwanza kuupata. Mbao za paina zilizotiwa dawa, zenye rangi ya kijani, usizitumie jikoni kabisa, na vipande vyake visiingie kwenye jiko la kuni, kwa sababu dawa ya namna hiyo mara nyingi huwa na arseniki.

Ukinunua mninga, tazama kichwa cha ubao, pale ulipokatwa. Sehemu ya kahawia iliyoelekea wekundu ndiyo kiini cha mti, na hiyo hudumu. Ukanda mweupe au wa njano hafifu ulio pembeni ni chakula cha bungua, na ukiona matundu madogo kama ya sindano yenye unga laini, bungua wameshaanza kazi. Ukanda huo ukatwe na kutupwa. Vilevile dai risiti na kibali cha kusafirishia, kwa maana mninga wa asili unapungua na biashara yake ina utaratibu wake chini ya Wakala wa Huduma za Misitu.

Jambo kubwa kuliko aina ya mti, hata hivyo, ni ukavu wake. Mbao nyingi huuzwa zikiwa bado na maji, na fundi mwenye haraka atakuhakikishia kwamba zimekauka kwa sababu zilianikwa juani kwa wiki kadhaa. Ubao wenye unyevu wa asilimia 20 ukiwekwa kando ya oveni utapasuka, viungio vitafunguka, na lawama utautupia mti usio na hatia. Tafuta mbao zenye unyevu wa asilimia 10 hadi 12. Kama fundi hana kipima unyevu, wewe una vifaa vyote: mizani ya unga na oveni. Kata kipande chembamba katikati ya ubao, si kichwani, kwa kuwa kichwani hukauka haraka na kukudanganya. Kipime uzito mara moja, kisha kiweke ndani ya oveni kwenye nyuzi 103 au karibu na hapo, ukikitoa na kukipima kila baada ya saa moja au mbili mpaka uzito usipungue tena. Uzito uliopotea, ukigawanywa kwa uzito mkavu na kuzidishwa kwa 100, ndio asilimia ya unyevu. Kipande kilichoanza na gramu 56 kikaishia gramu 50 kimepoteza gramu 6, yaani asilimia 12, na ubao huo unafaa. Kikianza na gramu 60 kikaishia hapohapo kwenye 50, ni asilimia 20, na ubao huo urudi kivulini kwenye upepo, umepangwa kwa vijiti katikati, usubiri. Usipandishe joto ili kuharakisha kipimo, na usitoke nyumbani kinapoendelea.

Sasa, je, kabati lote liwe la mninga? Hapana, na hapa ninatofautiana na baba mkwe wako kwa heshima zote. Mbao nzima zilizounganishwa kuwa pande kubwa husinyaa kwa upana wake lakini karibu hazibadiliki kwa urefu, na ukizifunga kwa skrubu na gundi kila upande zitapasuka tu. Mninga uutumie kwenye fremu ya mbele na milango, tena milango ijengwe kwa mtindo wa fremu na paneli, ambapo paneli inakaa ndani ya mfereji bila gundi ili iweze kusogea. Kwa boksi lenyewe, yaani pande mbili, rafu ya kubebea oveni na ya juu yake, nunua plaiwudi nzuri ya milimita 18. Plaiwudi imepangwa kwa tabaka zinazopishana mwelekeo, kwa hiyo haisinyai ovyo na inashika skrubu vizuri zaidi kuliko MDF.

Lakini plaiwudi si moja, na ndipo wengi wanapopunjwa. Iliyogundishwa kwa gundi ya fenoli hustahimili joto na maji, na mara nyingi utaitambua kwa mistari ya kahawia iliyokolea kati ya tabaka ukiitazama ubavuni. Iliyogundishwa kwa yurea ina mistari myeupe au isiyoonekana. Rangi peke yake si ushahidi wa kutosha, kwa hiyo omba kipande cha majaribio cha ukubwa wa kiganja. Kichemshe kwenye sufuria kuukuu isiyopikiwa chakula tena kwa saa kadhaa, kiache kikauke, kisha ingiza ncha ya kisu kati ya tabaka na jaribu kuzifungua. Tabaka zikiachana kirahisi, au zikiwa zimeshaachana zenyewe ndani ya sufuria, usinunue hata kama muuzaji ameiita marini, yaani ya kustahimili maji. Zikishikamana mpaka kisu kinachana nyuzi za mbao badala ya mstari wa gundi, hiyo ndiyo plaiwudi yako. Muuzaji anayekataa kutoa kipande cha kuchemsha amekupa jibu tayari.

Pendekezo la jirani kuhusu bati linahitaji marekebisho moja, nayo ni makubwa. Bati lililopigiliwa moja kwa moja juu ya ubao halizuii joto, kwa kuwa chuma hupitisha joto haraka na kulikabidhi kwa ubao ulio nyuma yake. Linalozuia ni bati lililosimama mbali na ubao kwa sentimeta mbili na nusu hivi, likiwa limeshikwa na vishikizo vichache visivyoungua, na likiwa wazi chini na juu ili hewa iliyopata moto ipande na baridi iingie. Kwa oveni ya kupachika iliyo nzima huhitaji kinga hiyo. Utaihitaji kama upande mmoja wa kabati umekaribiana na jiko la gesi. Na kama mtu atakupa vipande vya paa la zamani la asbesto, akikuambia ndiyo kinga bora ya moto, usivipokee na usiruhusu vikatwe uani kwako. Ni kweli asbesto haiungui, lakini nyuzi zake zikivutwa ndani ya mapafu husababisha saratani ambayo inaweza kujitokeza baada ya miongo kadhaa.

Nimefika kwenye hewa, na hapa naomba usome taratibu, kwa sababu mninga bora na plaiwudi bora vitaharibika vyote ndani ya kabati lisilopumua. Kabati la oveni halina ubao wa nyuma. Rafu inayobeba oveni isiguse ukuta, bali iache nafasi ya sentimeta 5 hivi kwa nyuma, na rafu ya juu vilevile, ili pawe na njia moja wazi kutoka chini ya kabati hadi juu yake. Chini kwenye kibao cha miguuni ukate tundu lenye wavu, lenye eneo la angalau sentimeta za mraba 200, kwa mfano sentimeta 40 kwa 5. Juu napo hewa ipate pa kutokea, isiishie kwenye dari la kabati. Vipimo vya oveni yako mahususi vimo katika kitabu chake, na kitabu kikitofautiana nami, fuata kitabu.

Sababu ya kusisitiza hivi ni umeme wetu. Feni ya kupozea oveni huendelea kuzunguka hata baada ya kuzima oveni, mpaka joto lishuke, na kwa hiyo hupaswi kuzima swichi ya ukutani mara tu unapotoa keki. Umeme ukikatika katikati ya kuoka, feni husimama hapohapo wakati chumba cha ndani bado kina nyuzi 180 au 200, na joto lote hilo hutafuta njia kupitia pande za kabati. Dakika hizo ndizo mbaya kuliko zote kwa gundi na mbao. Mtengenezaji anayeuza oveni mahali ambapo umeme haukatiki hana haja kubwa ya kulifikiria jambo hilo, lakini sisi tunayo. Njia ya hewa iliyo pana na iliyonyooka itafanya kazi bila feni, kwa sababu hewa ya moto hupanda yenyewe, mradi isizibwe na magunia ya unga au trei zilizosukumwa nyuma ya rafu.

Kuhusu gundi ya fundi, ile nyeupe ya maji hulainika inapofikia nyuzi 60 au 70, kwa hiyo viungio vya boksi vishikwe kwa skrubu au ndimi za mbao, na gundi iwe msaidizi. Gundi ya njano ya kubandikia, wanayoitumia pia mafundi viatu, isitumike kabisa karibu na mlango wa oveni. Kwa kumalizia, vanishi ya kupuliza inayokauka kwa thina kuruka hulainika tena kwa joto, lakini vanishi ya poliyurethani inayochanganywa na kikaushio hugeuka kuwa ngozi ngumu isiyorudi nyuma, na hiyo ndiyo uichague. Kingo za plaiwudi zilizo wazi, hasa zilizo juu ya mlango, zipakwe mara mbili zaidi ya sehemu nyingine, kwa kuwa mvuke huingilia hapo.

Soketi ya oveni iwe kwenye kabati la jirani, si nyuma ya oveni, kwa kuwa waya wa kawaida wenye ngozi ya plastiki umekusudiwa joto lisilozidi nyuzi 70; na oveni ya kilowati 3 huvuta ampea 13, kwa hiyo ipate laini yake yenyewe, si waya wa kuunganishia. Mtungi wa gesi usikae ndani ya kabati hili wala chini yake.

Kazi ikikamilika, usipange vyombo siku hiyohiyo. Washa oveni tupu kwenye nyuzi 200 kwa saa moja, kisha pitisha kiganja kwenye pande za kabati, ndani ya droo ya juu na kwenye makabati ya jirani. Kumbuka kwamba mbao hudanganya mkono: kwa joto lilelile chuma hukuunguza mara moja, lakini ubao unauvumilia, hivyo ubao unaokulazimisha kuondoa mkono ni moto kweli. Fundi mwenye kipimajoto cha kulenga atakupa namba, na ungependa kuona chini ya nyuzi 60. Ikizidi, panua tundu la chini na hakikisha nafasi ya nyuma haijazibwa, kisha rudia kipimo. Kama bado joto halishuki, mwite fundi wa oveni aikague feni na sufi ya ndani kabla hujalipia mbao nyingine. Rudia ukaguzi huo baada ya mwezi mmoja wa kuoka, safari hii ukitazama rangi ya ubao juu ya mlango na kunusa ndani ya droo: kahawia mpya au harufu ya ubao uliochomwa ni sababu ya kusimamisha kuoka mpaka chanzo kijulikane.